Kidawa Ameshaondoka

Nchi yetu ina jina, tena jina zuri tu, lakini kwa sasa liko kwenye kamati. Iligundulika kwamba lina herufi nyingi kuliko jina la nchi jirani, jambo ambalo lingeweza kuwaudhi majirani, basi likapelekwa kupunguzwa. Huu mwaka wa tisa halijarudi. Kwa hiyo niruhusuni niseme "nchi yetu" tu. Mnaojua mtajua, na msiojua mshukuruni Mungu.

Mimi naitwa Farijala. Nilikuwa karani katika Wizara ya Safari Njema, Idara ya Wanafunzi wa Ng'ambo, chumba namba nne, mkabala na choo kilichofungwa. Kazi yangu ilikuwa moja, kutunza Daftari la Walioondoka. Mwanafunzi akienda kusoma nchi za nje, naandika jina lake, tarehe, na neno "Ameondoka" kwa wino mwekundu. Miaka ishirini na mbili nimeandika neno hilo na sijawahi kukosea hata herufi. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna watu mtaani kwetu wanasema mambo ya Kidawa yaliharibika kwa ajili yangu. Waongo hao. Mimi niliandika nilichoambiwa niandike, na hati yangu ni nzuri, mwulizeni yeyote.

Kidawa binti Shaame alikuwa jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mama yake, Bi Mize, alikatwa mguu wa kushoto kwa ajili ya ugonjwa wa sukari, na hospitali yetu kuu, ambayo ni hodari sana wa kukata, haikuwa na idara ya kurudishia. Mguu mpya alitengenezewa na fundi wa milango. Fundi alijitahidi, masikini. Akatia bawaba mbili kwenye goti na komeo dogo la kuuzuia usikunjike mwenyewe anaposimama. Bi Mize akipita uani ungedhani mtu anafungua mlango. Kidawa alikulia ndani ya mlio ule. Alipomaliza kidato cha sita, wa kwanza nchi nzima katika fizikia, akasema anataka kwenda kusoma kutengeneza miguu ya bandia, arudi amtengenezee mama yake mguu wa mtu. Hakutaka ghorofa wala gari. Alitaka hilo tu.

"Shikamoo mjomba," aliniambia siku alipokuja wizarani mara ya kwanza, kitambulisho mkononi, viatu vimepigwa rangi. "Wewe nionyeshe tu pa kuanzia. Mengine nitahangaika mwenyewe."

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Anzia hapo kwenye benchi."

*

Kwetu mwanafunzi hachagui chuo hivi hivi kama anachagua nyanya. Kuna Mwongozo wa Kuchagua, kurasa themanini na mbili. Kifungu cha kwanza kinasema hataomba chuo katika nchi ambayo Mkuu wa Nchi hajafika, maana haiwezekani binti wa miaka kumi na tisa akawa na habari za mahali ambapo Mkuu mwenyewe hana habari napo. Kifungu cha pili kinasema chuo kisiwe na umri kuzidi chama tawala. Chama chetu kina miaka hamsini, na kukitangulia ni kiburi. Kifungu cha tatu kinahusu picha. Wanafunzi kwenye picha za chuo wawe wanacheka, lakini wasizidi kucheka kuliko wa kwetu.

Kidawa alikuwa ameshapekua kwenye simu, akapata vyuo kumi na moja vinavyofundisha mambo ya miguu. Akavijua vyote kama majina ya ndugu zake, kipi kina karakana kubwa, kipi kinatoa ufadhili, kipi mwalimu wake ametengeneza goti linalojikunja lenyewe. Tukaviweka mezani mbele ya Mwongozo. Saba vilianguka kwa umri, viwili kwa sababu ya Mkuu, kimoja kwa kucheka. Kikabaki kimoja, kaskazini kabisa, kwenye nchi ya theluji. Huko Mkuu wetu hakuwahi kualikwa, ila ndege yake ilipata kutua kujaza mafuta, naye akashuka kunyoosha miguu kwa dakika kumi na mbili. Kikaitwa kikao. Kikao kilikaa siku mbili na kuamua kwamba kunyoosha miguu ni ziara ya kiserikali. Kidawa aliruka pale pale, akanikumbatia mimi mtu mzima mpaka miwani ikaanguka.

Chuo kikataka insha. Wenzetu huko wana desturi ya kuwauliza waombaji: eleza shida uliyowahi kuipata na jinsi ulivyoishinda. Kidawa akaandika habari za mguu wa mama yake, bawaba na komeo, na ile siku komeo lilipochomoka mama akiwa kwenye foleni ya maji, watu wakacheka. Niliisoma nikalia, sioni haya kusema. Lakini insha zote hupitia kwa Mkurugenzi wetu, Bwana Ngwegwe.

Bwana Ngwegwe ni mtu mpole, hajapata kumpigia mtu kelele. Yeye hukunyima kitu huku anakuulizia afya ya wazazi.

"Binti yangu," alimwambia, "hujambo? Mama hajambo? Vizuri. Sasa hii shida umeipata wapi?"

"Nyumbani, baba."

"Nyumbani ni hapa nchini?"

"Ndiyo, baba."

"Basi ndipo ulipokosea, na si kosa lako, bado mtoto. Hapa nchini hakuna shida. Kuna changamoto, na zote zinashughulikiwa. Sasa ukiwaandikia wageni kwamba una shida, wataniuliza mimi, Ngwegwe, ulikuwa wapi? Nitawajibu nini?"

Akamtolea Orodha ya Shida Zilizoidhinishwa. Zilikuwa tatu: mvua iliyozidi matarajio, ugumu wa kuchagua kati ya vitabu vingi mno, na furaha ya kupita kiasi wakati wa sikukuu za taifa. Kidawa akachagua mvua. Aliandika kurasa mbili jinsi alivyokuwa akienda shule kwenye mvua akafika amelowa chepechepe. Ila yule mtoto ana akili, jamani! Ndani ya mvua ile alimtia mama yake anayemsindikiza, na mlio wa mguu wake kwenye maji, na watu wanaocheka. Bwana Ngwegwe hakugundua, kwa kuwa yeye huhesabu ni mara ngapi serikali imeshukuriwa, basi. Serikali ilikuwa imeshukuriwa mara nne kwa ile mvua.

Baada ya wiki sita chuo kikajibu. Kidawa amekubaliwa, masomo na malazi juu yao, aripoti tarehe kumi Oktoba, na asipofika nafasi yake atapewa mwingine. Bi Mize alipiga vigelegele, akataka kucheza, komeo likakataa, akacheza ameshika ukuta. Nami nilikula pilau kwao siku ile mpaka nikafungua mkanda.

*

Sasa hapa sikilizeni vizuri, kwa sababu watu huwa wananikatiza.

Kwetu mtu haondoki kimya kimya. Hata akienda mji wa pili kung'oa jino lazima aagwe. Watu wakutane, wale, wampe nasaha, wamwombee dua, wamtandike kanga mabegani. Asiyeagwa anahesabiwa katoroka. Na aliyekwisha kuagwa anatakiwa aende kweli. Nyote mmewaona wale wanaoagwa, wanalia, wanakula keki, halafu Jumanne unakutana nao sokoni wananunua bamia. Wanaudhi, na wenyewe wanajiona wanaudhi, wanapita upande wa pili wa barabara. Serikali, kwa kuipenda mila, ikaifanya sheria. Sheria ya Kuaga inasema mwanafunzi wa ng'ambo ataagwa mbele ya mgeni rasmi asiyepungua cheo cha waziri, na kwamba mwanafunzi aliyeagwa ameondoka. Hiyo sehemu ya mwisho ilitiwa kwa ajili ya watu wa bamia.

Kawaida mwanafunzi anapata pasipoti, anapata viza, anapata tiketi, kisha anaagwa. Lakini mwaka ule waziri wetu, Mheshimiwa Dokta Mhandisi Songambele, alikuwa ameahidi bungeni kwamba ikifika Sikukuu ya Taifa, tarehe kumi na tano Agosti, tutakuwa na wanafunzi mia tatu ng'ambo. Daftari langu lilikuwa na mia mbili tisini na tisa. Bwana Ngwegwe akaja chumbani kwangu mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu choo kifungwe.

"Farijala, yule binti wa mvua ana pasipoti?"

"Bado, bwana. Faili liko uhamiaji. Wamesema Jumatatu."

"Jumatatu sikukuu itakuwa imepita." Akafikiri, akiuma kalamu. "Lakini kuaga hakuhitaji pasipoti. Wewe umewahi kuona mtu anadaiwa pasipoti mbele ya keki?"

Sikuwahi kuona. Nikasema sijawahi kuona. Sasa hapo kosa langu liko wapi?

Aliagwa uwanja wa taifa. Mgeni rasmi alitarajiwa saa tatu asubuhi, akafika saa nane na nusu mchana, kwa kuwa kufika mapema ni dharau kwa wanaosubiri. Kidawa alikalishwa kwenye kiti cha dhahabu kilichobaki na karatasi yake ya nailoni, kanga tatu mabegani, mbele ya keki yenye umbo la ndege. Mheshimiwa akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Ndugu wananchi! Binti huyu tunampeleka ulimwenguni. Je, ni kwa sababu hapa hapamtoshi?"

"Hapanaaa!" watu wakaitikia.

"Hapa panamtosha! Panamzidi! Tunampeleka kwa sababu ulimwengu nao una haki ya kuona tulichonacho! Nenda, binti! Kawafundishe hao wanaotaka kukufundisha! Na mimi nasema mbele yenu nyote, na waandishi wa habari waandike, kuanzia dakika hii binti huyu hayupo!"

Vifijo. Ubeti wa wimbo wa taifa. Kidawa akageuka kulia na kushoto kama anayemtafuta aliyesemwa. Bi Mize alikuwa akilia kwa furaha, ameegemea mabega ya jirani. Mimi nikafunua Daftari, nikaandika namba mia tatu, Kidawa binti Shaame, Ameondoka, Mheshimiwa akaweka saini kando. Wino ulikuwa bado mbichi tulipoanza kukusanya viti. Kidawa akarudi nyumbani na mama yake kwa miguu, amebeba bawa la keki kwenye mfuko.

*

Jumatatu akaenda uhamiaji. Yaliyotokea alinisimulia mwenyewe, na mimi nawaamini wote wawili, yeye na karani wa huko, kwa sababu hakuna aliyesema uongo.

"Kidawa binti Shaame yuko ng'ambo," karani alimwambia, kidole juu ya karatasi.

"Kaka, ni mimi hapa."

"Sibishani nawe, dada. Kama ni wewe, basi uko ng'ambo. Na walioko ng'ambo, pasipoti zao zinatolewa na ubalozi wetu wa huko huko. Hapa tunawahudumia waliopo."

"Nitafikaje huko bila pasipoti?"

"Mbona umeshafika? Ndicho ninachokwambia."

Akaja kwangu. Alisimama mlangoni akihema, jasho linamtoka.

"Mjomba, nifute."

Nikamweleza kwa utaratibu. Daftari halifutwi. Lina safu mbili, Ameondoka na Amerudi, na kutoka ya kwanza unaingia ya pili tu. "Amerudi" huandikwa mwanafunzi akija na shahada, au akiwa amefukuzwa chuo. Hakuna safu ya tatu.

"Ongeza ya tatu. Rula si unayo?"

Rula ninayo. Ilikuwa kwenye mtoto wa meza, na ningeweza kuchora mstari ule bila kuinuka. Lakini mstari anaochora karani bila barua unaitwa kughushi, na mimi nilikuwa nimebakiza miezi kumi na minne nistaafu. Nikamwambia aende kwa Mkurugenzi. Nilimtazama anavyopandisha ngazi, nikajichukia, kisha nikanywa chai.

Bwana Ngwegwe alimpokea vizuri sana. Akamuulizia mama, akamuulizia mguu.

"Binti yangu, nikisema hujaondoka, Mheshimiwa alimuaga nani? Umati ule wote ulikuja kumuaga nani? Unataka Waziri wa Jamhuri awe mwongo?"

"Hapana, baba. Nataka kusafiri tu."

"Basi safiri! Nani kakuzuia? Sisi tulikuruhusu zamani."

Kidawa akaandika ubalozini. Barua ikajibiwa baada ya wiki tatu, kwa heshima zote: wamefurahi kusikia kutoka kwake, afike ofisini kwao siku yoyote ya kazi, aje na pasipoti, watamtengenezea pasipoti. Na kwa kuwa walikuwa na nakala ya orodha ya mia tatu, walikuwa wamekwisha kukiandikia chuo kukithibitishia kwamba mwanafunzi wao amewasili salama.

*

Redio ya taifa ilikuwa na kipindi kila Ijumaa baada ya taarifa ya habari, Salamu za Ng'ambo. Kila mwanafunzi aliyeondoka hutakiwa kuleta barua moja kwa mwezi. Bwana Ngwegwe akamwambia Kidawa kwamba barua isipokuja, itabidi ahesabiwe amepotea, na nafasi yake chuoni itakwenda na maji. Kidawa akaniuliza nionavyo. Nikamwambia andika, tulilinde jina lako huko huku tukitafuta njia hapa. Nilimaanisha kweli. Nilidhani itapatikana njia, sijui kwa nini nilidhani.

Akaandikia pembeni mwa meza yangu, chumba namba nne, joto la chumba kile limeifanya karatasi inate kwenye mkono wake. Jamani, mtoto yule anajua kuandika! Aliandika kwamba theluji haina sauti, kwamba asubuhi unafungua dirisha unakuta mtaa wote umetandikwa shuka. Aliandika juu ya mwalimu mwenye pua nyekundu anayepima miguu kwa uzi, na karakana ambayo miguu imetundikwa ukutani kwa safu, mikubwa na midogo, na mmoja wameuandikia kwa chaki "wa Mama". Barua iliposomwa redioni mtaa mzima ulitoka kusikiliza. Hata muuza kahawa aliacha kugonga vikombe.

Wakamwita Bi Mize studioni.

"Mama Kidawa, unajisikiaje?"

"Naishukuru serikali, baba. Mwanangu anasema kuna baridi."

Alirudi nyumbani uso unang'aa, akamkuta Kidawa uani anamenya muhogo.

"Kidawa kaniandikia," akasema.

"Nani, mama?"

Bi Mize akasita, halafu akacheka, na Kidawa akacheka, wakacheka wote wawili mpaka wakashikana. Nilikuwepo. Mara ile ya kwanza walicheka.

Mara ya pili sikusikia kicheko. Bi Mize alikuwa ametafuta kijisanduku cha kuwekea barua zile, na kila anayepita anasomewa. Majirani nao wana adabu zao. Mtu aliyeagwa na serikali nzima, keki ikakatwa, ukikutana naye bombani humtazami, unamstahi. Walikuwa wakimpita Kidawa amesimama na ndoo wakamuuliza mama yake, "Bi Mize, Kidawa hajambo huko?" naye anajibu, "Hajambo, anawasalimu." Kidawa akaanza kutokea mlango wa nyuma. Mwishowe hakutoka kabisa ila kuja kwangu kuandika.

Siku moja mwezi wa Septemba nilipita kwao asubuhi, nikamsikia Bi Mize akimwambia, "Mwenzio huko kaamka tangu alfajiri yuko karakana, wewe bado umejinyoosha hapa." Hakuwa anatania. Kidawa alinitazama mimi. Nikasema nimepita tu kuwajulia hali, nikaondoka.

*

Tarehe kumi Oktoba ikafika, ikapita. Chuo kikaandika. Barua za wanafunzi hupitia idarani, kwa hiyo niliiona mimi kwanza, na waliandika kwa upole sana. Wamesikitika kwamba hajaripoti, ilhali ubalozi umesema aliwasili tangu tarehe kumi na tano Agosti. Wamemtafuta bwenini, maktaba, hospitali na polisi. Watamngoja wiki nne zaidi.

Kidawa alijibu siku ile ile. "Sijafika. Nipo kwetu. Wameandika kwamba nimeondoka na hawataki kufuta. Nawaomba mnisaidie, sijui nifanyeje." Mistari hiyo tu. Akaituma kwa barua pepe, lakini barua pepe za nje nazo kwetu huzuiwa kwanza, zinachapishwa, zinapigwa mhuri, zinasahihishwa, ndipo zinaruhusiwa. Ilikuja mezani kwangu saa nne. Ningeweza kuikalia. Ningeweza kuila, karatasi ile, nikasema sijaiona. Nikaipandisha juu kwa Bwana Ngwegwe, na iliposhuka ilikuwa inasema: "Nimefika. Nipo. Nawashukuru, na msiwe na wasiwasi nami."

Kidawa alingoja. Kila asubuhi alikuwa benchini kabla sijafungua mlango, ananiuliza, "Hawajajibu, mjomba?" namwambia bado. Sikumwambia chuo kilikuwa kimejibiwa nini. Mkitaka kunilaumu, nilaumuni kwa hilo, la rula niachieni.

Wiki nne zilipokwisha wakajibu. Wamepokea uthibitisho wake mwenyewe kwamba yupo. Kwa kuwa yupo na haji darasani, na ameonywa, bodi ya chuo imemhesabu mtoro. Amefukuzwa.

Nikiri kitu. Nilipolisoma neno lile moyo wangu uliruka kwa furaha. Aliyefukuzwa amerudi! Aliyerudi yupo, na aliyepo anapewa pasipoti! Nilimshika Kidawa mkono pale benchini, nikamsomea, naye hakuchelewa kuelewa.

"Kwa hiyo nimerudi?"

"Umerudi, mwanangu!"

"Naweza kuomba upya? Mwaka huu huu?"

Tukaufunua Mwongozo sisi wawili, vichwa vimegongana. Kifungu cha sitini na moja kilikuwa ukurasa wa mwisho, kwa maandishi madogo. Nilikisoma kimya kwanza. Akaniambia, "Soma kwa sauti, mjomba." Kilisema aliyelitia taifa aibu ng'ambo kwa kufukuzwa hatavuka tena mpaka wa nchi maisha yake yote, ili asiirudie aibu hiyo.

Kidawa akaomba maji. Nikampa. Alishika glasi kwa mikono miwili na hakunywa.

*

Mwenye shahada hupokewa uwanja wa ndege na bendi. Aliyefukuzwa hurudishwa nyumbani kwao na Mkurugenzi, askari mmoja na karani wa Daftari. Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Utaratibu unataka mwanafunzi aonekane anatoka safari, basi Kidawa akashushwa kwenye kona ya mtaa na begi tupu la wizara, atembee hatua kama sitini mpaka kwao. Watu wakatoka milangoni. Sasa wakawa wanamwona.

"Masikini, amekonda," mmoja akasema.

"Na rangi imempauka. Ng'ambo si mchezo."

"Na zile barua zote nzuri, kumbe!"

Bi Mize alikuwa amesimama kizingitini, kanga kichwani. Bwana Ngwegwe akamsalimia, akamuulizia mguu, akasoma: "Serikali inakukabidhi mwanao, aliyerudi kutoka masomoni kabla ya wakati wake." Kisha akanigeukia. "Andika, Farijala."

Nikaandika: Amerudi. Hati iliharibika, mara ya kwanza katika miaka ishirini na mbili.

"Na sababu," akasema. "Safu ya sababu haiwezi kubaki wazi."

Nikainua uso nikamtazama Kidawa. Mtaa mzima ulikuwa pale, askari yupo, Mkurugenzi yupo, na kwa mara ya kwanza aliruhusiwa kusema na kuandikwa. Nilitamani aseme. Wallahi nilitamani, hata kama angenitaja na mimi kwa jina.

Lakini Bi Mize alimtangulia. Alisogea hatua moja, bawaba zikalia, machozi yanamtiririka, machozi ya kweli kabisa, mama aliyekula na mwanawe sinia moja siku zote zile.

"Kidawa mwanangu, nimekukosea nini mimi? Uliwafanya nini watu wa watu huko hata wakakufukuza?"

Kidawa akafungua mdomo. Akamtazama Bwana Ngwegwe, akalitazama Daftari, akanitazama mimi kwa muda mrefu nikainamisha kichwa. Kisha akamtazama mama yake, na akamtazama tena kama mtu aliyemfuata mtu nyumbani kwake akaambiwa amehama.

"Baridi, mama," akasema. "Ilinishinda."

Nikaandika: baridi. Bwana Ngwegwe akatia saini.

Bi Mize akaangusha kilio, akamvutia mwanawe kifuani pale mlangoni, akawa anamsugua mabega na mikono kwa viganja vyote viwili, kwa nguvu, kwenye lile jua.

"Ungesema, mwanangu," akawa anarudia. "Ungesema tu. Tungekutumia blanketi."